Karai la Benchi

Adhiambo alinipigia simu nikiwa jikoni, mikono imejaa unga. Nikaiweka simu kwenye spika juu ya gunia la mchele ili niendelee kukanda. "Dada Boke," akasema, "Mama ametuacha." Nikaacha kukanda. Akalia, nikamwacha alie, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kabisa: "Aliacha neno. Alisema asioshwe na sisi wanawe. Alisema uitwe wewe uje umwoshe." Wapishi wangu wakanitolea macho. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Hoteli yangu hapa Migori inajulikana kwa chapati na kwa mdomo wa mwenyewe, na mteja anayeingia jikoni kwangu kabla ya kunawa hutoka mbio. Siku hiyo nilimwambia tu, "Nakuja." Mimi ni Mkuria, marehemu alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Takawiri, na kati yetu hapakuwa na udugu wa damu wala wa ndoa. Tulikuwa na benchi moja tu, kwenye veranda ya hospitali moja kule Homa Bay, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na kaka yangu Marwa akipumulishwa na mashine.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wale watu walifanya walichoweza kwa walichokuwa nacho, na mengine yaliyotokea hayakutoka kwao. Marwa alikuwa mchimba dhahabu Osiri. Shimo lilimwangukia, wenzake wakamfukua kwa mikono na masufuria, na alipotolewa kifua kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Migori walimtazama wakasema apelekwe Homa Bay, kwenye chumba cha mahututi. Mimi ndiye niliyepanda naye ambulensi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Chumba kilikuwa na vitanda vinne na baridi ya kutengenezwa, baridi kavu inayokuingia puani. Mtu wako unamkuta amelazwa kama mgeni asiyekujua, mpira kooni, mpira shingoni, mpira wa mkojo, na pembeni mashine inahema kwa niaba yake. Nilisimama pale mara ya kwanza nikataka kumgombeza: Marwa, amka, acha mchezo.

Nje ya chumba ndiko kulikuwa na benchi. Lilikuwa la mbao, refu, limepakwa rangi ya kijani, mguu mmoja umewekewa jiwe. Hapo ndipo jamaa za wagonjwa walipoishi. Mtu akifika haulizwi jina, anaulizwa, "Wako yuko kitanda gani?" Mimi nikawa Kitanda cha Tatu. Mwanamke mmoja mnene, wa makamo, kilemba cha maua kichwani, akanisemesha kwa Kijaluo, nami kwa hasira zangu nikamjibu, "Sisikii Kijaluo mimi!" Hakukasirika. Alisogea akanipa nafasi, akasema, "Basi tutaongea hiyo Kiswahili ya kuombea chumvi. Mimi ni Mama Ouma. Ouma wangu ni Kitanda cha Pili, pikipiki ilimrusha." Akafungua sufuria iliyofungwa kwa leso, akamega ugali wa mtama na mhogo, akauzungushia omena, vidagaa vya ziwani, akanitia mkononi. Nikamwambia sina njaa. "Nyathina," akasema, na baadaye ndipo nilipojua maana yake ni mwanangu, "njaa haiponyeshi mgonjwa. Kula." Nikala. Nililia huku natafuna, na yeye akajifanya anatazama maua ya hospitali.

Wauguzi walikuwa wachache mno. Kwa hiyo mkubwa wao, Sista Kemunto, mwanamke mwembamba wa Kisii asiyecheka ovyo, alituruhusu tuingie kila asubuhi, mmoja mmoja, tuvae gauni, tumfute mgonjwa wetu mwili kwa maji ya uvuguvugu. Mgonjwa wa mashine hajui kuoga, na ngozi isiyofutwa huchubuka. Nilipofika sikuwa na kitu, nilikuja na nguo nilizovaa. Mama Ouma alikuwa amenunua karai, jekundu, kubwa, la plastiki ngumu, naye akatangaza mbele ya wote, "Karai ni ya benchi. Hapa hakuna yangu na yako." Tukawa tunachemsha maji kwa mama wa jikoni, tunalijaza, tunapokezana. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa wake: aliye na hali mbaya kuliko wote ndiye aoshwe kwanza, maji yakiwa mazuri, kisha anayefuata. "Mkubwa wa maumivu ndiye mkubwa wa benchi," alisema. Tukimaliza, karai linasuuzwa, linaachiwa maji kidogo chini, linawekwa kwenye kizingiti cha dirisha hadi kesho. Mama Ouma hakupenda chombo kilale tupu. Sijui kama ni mila ya Wajaluo au ni yake tu. Mimi nililipenda lile karai. Nilipolibeba nilijiona nina watu.

Mtu mmoja tu hakulitumia. Kitanda cha Nne alikuwa bibi yake Mwalimu, mzee mstaafu wa Kisabato, suti moja ya kijivu, viatu vinang'aa. Kila asubuhi alikuja na chupa yake ya chai iliyojaa maji ya moto, na taulo mbili alizozipiga pasi. Mama Ouma alimpelekea karai, mzee akainama kwa adabu akasema, "Ahsante sana, mama. Lakini mke wangu hajawahi kuogea maji ya watu." Benchi zima liliguna. Alipotoka tulimteta weee! Mimi ndiye niliyekuwa na ulimi mbaya kuliko wote, nilisema anadhani mkewe ni wa dhahabu, na kama ni dhahabu basi nimwambie ilivyomfanya kaka yangu. Mama Ouma peke yake hakumteta, ila aliumia. Kukataliwa chombo, kwa mtu kama yeye, ni kukataliwa moyo.

Kisha homa ikaanza. Kwanza Kitanda cha Kwanza, babu mmoja wa Lambwe. Alikuwa anaendelea vizuri, walikuwa wamekwisha kusema wataanza kumwachisha mashine, mara mwili ukamwaka, presha ikaporomoka, akaanza kutetemeka hadi kitanda kikalia. Dawa zikabadilishwa, zikabadilishwa tena. Akafa. Jamaa zake wakatuaga benchini mmoja mmoja, wakatuachia majani ya chai na sukari. Hata machozi hayajakauka, Ouma naye akashikwa. Halafu nikaenda kumfuta Marwa nikahisi joto lake kupitia glovu. Nilimwita sista kwa sauti ambayo hadi leo naisikia.

Benchi nalo likaanza maneno yake. Mmoja alisema chumba kimetupiwa kitu. Mwingine alisema kitanda cha kwanza ndicho kinachowaita wenzake, kihamishwe. Wachimbaji wa Osiri wakanipigia simu wakasema dhahabu ina mwenyewe, imemfuata Marwa hadi huko, itafutwe mbuzi. Niliwaambia huyo mwenye dhahabu aje hospitali tupambane naye hapahapa mlangoni. Usinione ni jasiri. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hugeuka mkali. Mama Ouma aliomba rozari, kisha akawa anasema ni lazima wagonjwa waoshwe zaidi, uchafu ndio unaoleta homa. Tukaanza kuwafuta asubuhi na jioni.

Asubuhi moja, baada ya zamu ya kuosha, nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la chumba, vioo vimefunguliwa kidogo. Daktari, kijana mmoja mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuwa anaongea na Sista Kemunto. Nilisikia kila neno. "Majibu ya maabara yamerudi," alisema. "Vitanda vitatu, kidudu ni kilekile. Kimeingia kwenye damu. Dawa zote tulizonazo hazikiwezi, isipokuwa moja." Sista akauliza, "Na hiyo ikishindwa?" Daktari akayafikicha macho. Akasema, "Tumenawa mikono, tumebadilisha mipira, tumefuta mashine. Kinapitia wapi? Na Kitanda cha Nne mbona hana? Chumba ni kimoja, hewa ni moja, wauguzi ni walewale. Kwa nini yeye hana?"

Nilikuwa nimeinua kichwa wakati huo. Mbele yangu, upande wa pili wa veranda, Mwalimu alikuwa anazikunja taulo zake taratibu, chupa yake ya maji katikati ya miguu. Juu ya kichwa changu, kwenye kizingiti, lilikuwa karai jekundu, na vijimaji vyake chini. Nilikumbuka utaratibu wetu, mmoja baada ya mwingine, mgonjwa kuliko wote kwanza, kisha anayefuata, kisha anayefuata, na maji yaleyale ya jana yanawasubiri. Nilitaka nisiwe nimefikiri nilichofikiri. Mama Ouma alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anachambua omena kwa ajili ya chakula chetu cha mchana, ananiangalia. "Nyathina, umeona jini?" akaniuliza. Nikamwambia ni njaa tu.

Nilimngoja Sista atoke, nikamvuta hadi nyuma ya chumba cha mashuka. Nilimwambia maneno yakigongana. Alinisikiliza bila kupepesa jicho, kisha akafumba macho. "Mimi ndiye niliyewaruhusu," akasema. "Nililiona lile karai kila siku. Nilifurahi kuona mnapendana." Akachukua kijiti cha pamba, akakipitisha ndani ya karai, akakitia kwenye kichupa, akakipeleka maabara mwenyewe. Akatuambia wote kuanzia siku hiyo wauguzi ndio watakaowafuta wagonjwa, kila mmoja kwa kitambaa chake cha kutupwa. Hakueleza sababu. "Majibu yakija nitaongea na kila familia," akaniambia. "Na Mama Ouma nitamwambia mimi. Wewe usijitwike."

Majibu hayakumngoja Ouma. Alifariki mchana, jua likiwaka, watu wakiwa wanakula. Mama yake hakupiga mayowe kama nilivyozoea kusikia kwa Wajaluo. Alikaa chini, akavua viatu, akaniambia, "Boke, nishikie hivi, miguu imevimba." Kesho yake wakaja ndugu zake, wakauchukua mwili kwenda Takawiri, na katika vitu vya Ouma walivyofunga, nguo, redio ndogo, rozari, karai nalo likafungwa. Sikuwa pale. Niliporudi kizingiti kilikuwa kitupu.

Sista aliponiita, nilijua kabla hajafungua mdomo. Kidudu kilikuwa ndani ya karai. Marwa alikuwa ameanzishwa ile dawa moja iliyobaki, na homa ilikuwa imeanza kulegea, kidogo sana, kama mtu anayebadilisha nia. "Sikiliza," Sista akaniambia. "Mwili wake umechoka. Kikimrudia mara ya pili, hatuna kingine cha kumpa. Mtu yeyote asimguse kwa kitu cha nje. Yeyote." Nikamwitikia.

Na kweli, siku chache baadaye, asubuhi, ndani kulikuwa na kishindo, mgonjwa mpya wa Kitanda cha Kwanza moyo umesimama, Sista na wenzake wote wako juu yake. Mimi niko mlangoni. Nikamwona Mama Ouma anakuja kwa njia ya jikoni, amevaa nguo nyeusi, kilemba kimelegea, anatembea polepole asimwage. Alikuwa amebeba karai limejaa maji, mvuke unapanda. Alikuwa ametoka kuzika mwanawe, akavuka maji, akapanda gari, akaja kumwosha wangu. "Oyawore, nyathina," akanisalimia. "Nimekaa kule nikaona siwezi. Wangu nimemwosha mara ya mwisho na hii karai. Sasa nimebaki na wako. Hebu nipishe."

Sikupisha. Nilitandaza mikono kwenye fremu ya mlango. "Mama, usiingie." Akatabasamu, akadhani ni ule ukali wangu. "Maji itapoa, Boke." "Mama, nakwambia usiingie!" Tabasamu likaondoka. "Nimekukosea nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekwisha kupigwa, anauliza kama atapigwa tena. Ningefanyaje? Nyuma yangu kulikuwa na Marwa na ile dawa yake moja. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyemsugua mwanawe kwa upendo kila asubuhi, na kila asubuhi akamtia kifo. Ningeufungua mdomo nimwambie hivyo, pale, na udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu vyake? Sista alisema nisijitwike. Sista hakuwepo.

"Ni mila," nikasema.

Haki ya Mungu, neno lilijitokea lenyewe. "Mila yetu Wakuria, Mama. Mfiwa haoshi mgonjwa. Mtu akizika, mikono yake ni ya marehemu mpaka mwaka upite. Na chombo alichooshewa marehemu hakiingii palipo na mgonjwa, kinaachwa mlangoni, kinatupwa na mtu mwingine." Nilikuwa naongea haraka, nikiogopa ataniona usoni. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Kwetu mfiwa akija kukuoshea mgonjwa unamshukuru na kumpikia. Mama Ouma alinitazama, akanitazama sana. Kisha akainama akalitua chini, taratibu, kwenye sakafu ya veranda. "Mila ni mila," akasema. "Hata sisi tuko na zetu." Akaenda akakaa kwenye benchi, mahali pake, akaiweka mikono yake mapajani kama vitu alivyoazimwa. Nikalichukua karai, nikalipeleka kwa Sista. Nilipomweleza nilichosema, alivaa glovu, akaniambia, "Basi iwe hivyo. Nami sitamwambia." Lile karai lilichomwa.

Marwa alipona. Wacha niseme hivyo kwa kifupi, maana kupona kwenyewe hakukuwa kwa kifupi. Mwaka ule wote uliobaki nilikuwa Migori namfundisha mwanamume mzima kushika kijiko, kupanda ngazi, kukohoa bila kulia. Osiri hakurudi tena. Sasa anafuga nyuki na anapenda kutoa amri. Bibi yake Mwalimu naye alitoka hai, na siku ya kutoka mzee alimpa Mama Ouma, ambaye hakuacha kuja kukaa benchini, taulo moja ya pasi. Aliipokea kwa mikono miwili. Na mimi mwaka ule ulinigeuza. Niliyekuwa naamini kwamba mtu mwema hutoa na mtu mbaya hukataa, nilijifunza kunawa hadi viwiko na kuheshimu anayesema hapana.

Tangu hapo Mama Ouma alinipigia simu mara kwa mara. Aliuliza habari za Marwa, kisha lazima angeuliza habari za mila. "Boke, mila yenu inasema nini juu ya mama mkwe anayekoroma?" "Boke, jogoo wa jirani amelala kwangu, Wakuria wanasemaje?" Kisha anacheka hadi anakohoa. Mwaka ulipopita tangu msiba alinipigia: "Mwaka imeisha. Mikono yangu imerudi?" Nikamwambia imerudi. "Ero kamano," akasema, ahsante. Nilidhani amependa tu mambo ya watu wa kwetu, na nilijitahidi kumjibu kwa ukweli, nikitumaini siku moja mila nyingi za kweli zitaifunika ile moja.

Juzi nimeingia Homa Bay na Marwa. Tulipita kwenye veranda ileile, benchi halipo, kuna viti vya plastiki, na kando ya mlango wa chumba cha mahututi kuna sinki na sabuni. Mwanamke mmoja aliyekaa pale akatuuliza, "Wenu yuko kitanda gani?" Marwa akageuza uso. Adhiambo, binti wa Mama Ouma, alitungojea kwenye chumba cha maiti, amebeba mfuko mkubwa. Nilimwambia jambo lililokuwa linanikereketa njia nzima: "Kwa nini mimi? Nyinyi ni wanawe." Akaniangalia kama mtu anayejua jibu tayari.

"Mwaka uleule," akasema, "Mama alienda soko la Mbita, akawapata Wakuria wanaouza mahindi. Akawauliza hiyo mila ya mfiwa na mgonjwa. Wakamwambia hawajawahi kuisikia. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, akafikiri mpaka jiko likazima. Kisha akaanza kulia, tukadhani ni Ouma tena. Akasema, 'Ilikuwa karai.' Akalia sana. Halafu akacheka, katikati ya kulia, akasema, 'Yule mtoto amenitungia mila nzima.'"

Nilitafuta mahali pa kukaa, hapakuwa na kiti. Miaka yote hiyo alijua. Miaka yote hiyo alikuwa anapiga simu ananiuliza habari za jogoo.

"Alisema tusikuambie akiwa hai, utajiona vibaya," Adhiambo akaendelea. "Na hiki alikinunua mwenyewe, alipoona anazidiwa. Alikataza mtu yeyote asikitumie." Akafungua mfuko. Lilikuwa karai, jekundu, jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa chini, na ndani yake kitambaa kipya na sabuni isiyofunguliwa. Niliibandua ile karatasi kwa kucha, ikanichukua muda kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nikapandisha mikono ya gauni, nikanawa hadi viwiko. Nikajaza maji, nikaanza na uso wake.